Kumfuata Endymion Porter, kutoka Millbank hadi Madrid

Jumatatu, London

Tate Britain ipo Millbank, kando ya mto Thames, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Pimlico. Kuingia ni bure. Nilifika saa nne asubuhi milango ilipofunguliwa, nikazipita haraka picha za enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, kwani nilikuwa na mtu mmoja wa kumwona: Endymion Porter, mtu wa ikulu ya Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, alivyochorwa na Mwingereza William Dobson kati ya mwaka 1642 na 1645. Ni picha ya rangi za mafuta kwenye turubai, kimo sentimita 149.9 na upana sentimita 127. Ilinunuliwa mwaka 1888, jumba la Tate likiwa bado halijajengwa.

Porter anaonekana kuanzia kichwani hadi karibu na magoti. Ni mtu wa makamo, amejaa mwili, uso una wekundu wa mtu anayekaa sana nje, nywele zinaanza mvi. Mkononi ana bunduki ya kuwindia ya zamani, ile ambayo kigurudumu cha chuma hujizungusha na kusugua jiwe mpaka likatoa cheche. Kijana mtumishi anamletea sungura aliyekwisha kufa, na mbwa yupo karibu. Mtu akikata shauri hapo atasema ni bwana shamba ametoka kuwinda.

Lakini tazama mkono wake ulipoegemea. Ni jiwe lililochongwa sura za Uchoraji, Uchongaji na Ushairi. Na nyuma yake imesimama sanamu ya kichwa cha Apollo, mungu wa sanaa wa Wayunani wa kale. Mwindaji huyu ndiye aliyekuwa mmoja wa watu waliomnunulia Mfalme Charles wa Kwanza picha kutoka Ulaya bara, tena akajikusanyia zake. Alijua kujadiliana bei na mchoraji mashuhuri Rubens, na mchoraji mwingine, Van Dyck, alikuwa rafiki yake. Mwaka 1629 ni yeye aliyesimamia ununuzi wa picha ya Van Dyck ya Rinaldo na Armida, Mfalme akalipa pauni 78. Miaka michache baadaye Van Dyck alikuwa London, mchoraji mkuu wa Mfalme.

Nilikaa mbele ya picha hadi miguu ikaniuma. Dobson hapaki rangi kwa ulaini kama Van Dyck. Ukisogea karibu kadiri mlinzi anavyokuruhusu, unaona rangi nzito, mipigo ya brashi iliyoachwa wazi bila kulainishwa. Lesi ya kola, ukiitazama kwa karibu, ni mistari na madoa meupe yaliyotupwa kwa haraka. Rudi nyuma hatua tatu, imekuwa lesi. Sungura naye ana uzito. Unaona kabisa mwili umelegea na kichwa kimeanguka. Mimi huamini mchoraji kwa vitu vya namna hiyo. Anayeweza kukuonyesha uzito wa mnyama aliyekufa, hata uso wa bwana aliyemlipa hatakudanganya.

Namna Porter alivyosimama si ya kubuni. Wanahistoria wa sanaa wanakubaliana kwamba Dobson aliichukua kutoka kwa Titian, mchoraji wa Venice, katika picha yake ya Vespasian, mtawala wa Roma. Picha ile ilikuwa kwenye seti ya makaisari ambayo Charles aliipata aliponunua hazina ya sanaa ya watawala wa Mantua, Italia, miaka ya 1627 na 1628. Nakala zake za kuchapishwa zilikuwa zimeenea Ulaya nzima. Kwa hiyo mtu wa wakati ule mwenye jicho angemtazama Porter akamwona Kaisari ndani ya nguo za mwindaji, na angeelewa kwamba hiyo ni sifa kwa mkusanyaji.

Jumanne, London

Whitehall, halafu Trafalgar Square. Nilianzia nje ya Banqueting House, jengo pekee kubwa lililobaki la kasri la zamani la Whitehall. Dari lake lina picha za Rubens zilizowekwa mwaka 1636, za kumtukuza baba yake Charles. Tarehe 30 Januari 1649 Charles alipitishwa chini ya picha hizo hizo akatolewa nje kwenye jukwaa, akakatwa kichwa mbele ya watu.

Kutoka hapo hadi kanisa la St Martin-in-the-Fields ni dakika kumi. Dobson alizikwa hapo tarehe 28 Oktoba 1646, akiwa na miaka 35. Porter naye alizikwa hapo Agosti 1649. Mchoraji na mchorwa, parokia moja, miaka mitatu kati yao. Kanisa la sasa lilimalizika mwaka 1726 baada ya lile la kale kubomolewa, kwa hiyo usitarajie kaburi la kusimama mbele yake. Niliketi kwenye kiti cha nyuma kwa muda.

Mwisho wa Porter unanisumbua. Vita vya Mfalme na Bunge vilipokwenda vibaya alikimbilia Ufaransa. Barua yake ya mwaka 1647 kutoka Paris ipo: anaeleza kwamba anaishi kwa kujificha pembezoni mwa mji, hawezi kwenda ikulu kwa sababu hana nguo za kuvaa, isipokuwa suti moja mbovu ya kupandia farasi aliyotoka nayo Uingereza. Huyu ni mtu ambaye Van Dyck alimchora ndani ya hariri. Alirudi London mwaka 1649, akapatana na serikali mpya juu ya mali yake, akafa mwaka huohuo.

Jumatano, London mashariki

Leo sikwenda jumba lolote. Nilikwenda kwa mjomba wangu, baharia mstaafu, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa, ambaye ameishi London kwa miaka mingi. Nilimwambia shikamoo mlangoni, akaitikia marahaba huku akinivuta ndani kwa mkono, na wali wa nazi ulikuwa umekwisha kupakuliwa.

Nilikwenda kwake kwa sababu moja. Upande wa maisha ya Porter unaotuhusu sisi watu wa pwani umo baharini, na mjomba anaijua bahari hiyo kuliko mimi.

Kuishi kwa ubwana kulitaka fedha nyingi, na Porter alizitafuta kila mahali. Alikuwa na posho ya Mfalme ya pauni 500 kwa mwaka. Aliingia kwenye biashara ya kukausha mabwawa ya Lincolnshire ili kupata ardhi. Alipewa kazi ya kukusanya faini za mahakama. Na mwaka 1635 akawa miongoni mwa waliokuwa nyuma ya meli mbili, Roebuck na Samaritan, zilizotoka Uingereza na hati ya Mfalme ya kuteka meli za nchi zisizokuwa na mapatano ya urafiki naye. Hati ikawa kifuniko cha uharamia. Kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, Roebuck iliteka meli mbili za wafanyabiashara zilizobeba mali, moja ya Surat na moja ya Diu, bandari za India. Moja kati yao ilikuwa na cheti cha usalama kilichotolewa na Waingereza wenyewe wa Kampuni ya India Mashariki.

Nilimsomea mjomba kutoka kwenye daftari langu. Aliweka kijiko chini.

"Samaritan iliishia wapi?" akauliza.

"Ilivunjikia Komoro, mjomba."

"Ee. Sikiza mwanangu. Meli ya matanga ikitoka Ulaya, ikizunguka Rasi ya Tumaini Jema ikapanda na mlango wa Msumbiji, maji itayapata wapi? Mbuzi, malimau, nazi, itavipata wapi? Nzuwani. Ama Mwali. Watu hupumzika pale, wagonjwa hupata nguvu, halafu hungoja kusi iwapeleke juu. Asiyeijua miamba ya pale, itamjua yeye."

Na kweli, Waingereza wa karne ile walitia nanga Nzuwani, kisiwa kimojawapo cha Komoro, mara kwa mara njiani kwenda India. Huko huko Komoro ndiko Swan, meli ya Kampuni, ilipoikuta Roebuck na kuinyang'anya sehemu ya mali iliyoporwa. Kule Surat, mkuu wa kituo cha Kampuni, William Methwold, alikwishatiwa gerezani kwa kosa la watu wasiokuwa wake, na Kampuni ikalazimika kulipa fidia.

Mjomba aliniuliza kama ipo picha ya nahodha wa ile meli ya Surat, nikamwambia mimi sijaiona. Akatikisa kichwa, akaniongeza wali.

Halafu yeye ndiye aliyenikumbusha la kwetu. Miaka hiyohiyo, bahari hiyohiyo, alikuwamo Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, wakambatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia. Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni wa Kireno, akarudi kwenye Uislamu. Mwaka 1632 aliiacha Mombasa akaingia baharini na meli aliyoiteka, akawa anawavizia Wareno pande za Komoro na Bukini na Arabuni, mpaka alipouawa Bahari ya Shamu mwaka 1638. Sisemi kwamba alikutana na watu wa Porter. Nasema maji yalikuwa ni hayo, na mtoto wa shule wa Mombasa anayemjua Yusuf anayo haki ya kumjua na huyu wa pili.

Bukini, yaani Madagaska, nayo iliingia kwenye hesabu zao. Mwaka 1637 palizuka mpango wa kumpeleka Prince Rupert, mpwa wa Mfalme, kijana wa miaka 17, akakiteke kisiwa chote na kuwa gavana wake. Porter alikuwa mmoja wa walioupigia debe. Mshairi William Davenant alitunga utenzi mrefu wa kuusifu ushindi ambao haujatokea, na kitabu kilipotoka mwaka 1638 akakitabaruku kwa Porter na rafiki yake mwingine. Mama yake Rupert aliukataa mpango huo kabisa.

Mwaka 1639 akaudaka mkusanyaji mwingine, mkubwa kuliko Porter: Thomas Howard, Earl wa Arundel. Van Dyck akamchora Arundel na mkewe Aletheia wamekaa na tufe la dunia, na bwana ananyoosha kidole kwenye Madagaska. Picha hiyo ipo nakala yake Vienna na nyingine Arundel Castle. Nilimwonyesha mjomba kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka kile kidole kikajaa kioo chote.

"Anaonyesha kama mtu anayechagua samaki," akasema. "Kwani wenyewe wa Bukini walikuwa hawapo?"

Arundel hakwenda. Waliokwenda ni watu wa kawaida wapatao 140, wanaume, wanawake na watoto, walioshushwa kwenye ghuba ya St Augustine, kusini magharibi mwa kisiwa, mwaka 1645. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa na mapigano na wenyeji, na mwaka uliofuata waliosalia wakaondoka. Biashara iliyowapeleka ni ile iliyoanzishwa na William Courteen mwaka 1635, ambayo Porter alikuwa mbia wake tangu mwanzo.

Niliondoka kwa mjomba usiku. Nimeandika haya kwenye treni ya chini ya ardhi, na naandika nikiwa na uchungu. Naipenda picha ya Dobson, nimesafiri kwa ajili yake, wala sitaacha kuipenda. Ila nataka kila anayesimama mbele yake ajue kwamba bei ya lesi ile ilitafutwa hadi Bab-el-Mandeb, mlango ule wa Bahari ya Shamu.

Alhamisi, Gloucestershire

Treni kutoka Paddington hadi Moreton-in-Marsh, saa moja na nusu na kidogo, kisha basi hadi Chipping Campden. Nyumba zote ni za mawe ya chokaa ya rangi ya njano, zimepangana kando ya barabara moja ndefu. Jua lilitoka.

Porter alizaliwa pande hizi mwaka 1587. Ukoo wake ulikuwa na damu ya Kihispania, na alipokuwa mdogo alipelekwa Hispania, akalelewa katika nyumba ya Olivares, yule aliyekuja kuwa waziri mwenye nguvu kuliko wote wa Mfalme Philip wa Nne. Kwa hiyo alirudi nyumbani akikisema Kihispania vizuri na akizijua adabu za ikulu ya Madrid, na hilo ndilo lililomfungulia milango kwa George Villiers, Duke wa Buckingham, na kutoka kwa Buckingham hadi chumba cha Mfalme mwenyewe. Aliajiriwa kuwa mtumishi wa chumbani kwa Mfalme, kazi ambayo kwa wakati ule mabwana waliigombania, maana anayemvika Mfalme nguo asubuhi ndiye anayemnong'oneza la kwanza.

Nilipanda Dover's Hill kwa miguu kutoka mjini. Hapo ndipo Robert Dover, mwanasheria, alipoanzisha michezo yake tangu miaka ya 1610: mieleka, mbio za farasi, kurusha nyundo, kupigana mateke ya miguuni. Walokole wa enzi hizo, Wapuritani, waliichukia michezo ya namna hiyo. Porter aliitetea. Alimpatia Dover nguo za Mfalme James mwenyewe, pamoja na kofia na unyoya wake, na Dover akawa anafungua michezo akiwa amepanda farasi na mavazi ya kifalme. Michezo bado huchezwa kila mwaka hapa juu, mwanzoni mwa kiangazi.

Chini ya kilima, upande wa pili, ndipo kilipo kijiji cha Aston Subedge, ardhi ya Porter. Ni kijiji kidogo, ukikohoa umekimaliza. Bonde la Evesham linaonekana lote hadi kwenye vilima vya Malvern. Nilikaa kwenye majani nikala mkate, na hapo picha ikanikaa sawa. Hiki ndicho kipande cha nchi alichokuwa akiwinda. Alipotaka kuchorwa katikati ya vita hakuchagua deraya la chuma, ingawa Dobson aliwachora maofisa wengi waliovaa deraya. Alichagua bunduki ya sungura.

Ijumaa, Oxford

Mvua tangu asubuhi.

Inaaminika ni mjini hapa picha ilipochorwa. Charles alipofukuzwa London na mgogoro wake na Bunge, aliifanya Oxford makao yake kuanzia mwishoni mwa mwaka 1642. Yeye alikaa chuo cha Christ Church. Malkia Henrietta Maria alikaa chuo cha Merton kuanzia mwaka 1643, nyuma kidogo tu. Vyombo vya fedha vya vyuo vikayeyushwa vikawa sarafu za kulipia askari, na vyumba vya wanafunzi vikawa maghala. Porter, aliyekuwa Mbunge wa Droitwich, alifuatana na Mfalme, na Bunge la London likamfukuza mwaka 1643.

Van Dyck alikuwa amekufa Desemba 1641. Nafasi ikabaki wazi, akaijaza Mwingereza wa miaka thelathini na kidogo ambaye kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na habari naye sana. Inasemekana Dobson alipanga karibu na kanisa la St Mary, barabara ya High Street. Nilisimama mkabala na kanisa hilo chini ya mwavuli, nikatazama madirisha ya juu. Basi za watalii zilikuwa zinapita, maji yanaruka hadi kwenye suruali. Kwenye chumba fulani cha mtaa huu watu walipanda ngazi wakiwa na panga kiunoni, wakakaa mbele ya mchoraji kwa saa chache, wakashuka, na baadhi yao hawakurudi kutoka vitani. Dobson ametuachia nyuso kama sitini hivi, nyingi za miaka hiyo michache. John Aubrey, mwandishi wa karne hiyohiyo, alimtaja kuwa mchoraji bora kuliko wote ambao Uingereza ilikuwa imewazaa hadi wakati huo. Mimi nakubaliana naye bila kusita.

Picha za mwishoni za Dobson hapa zina rangi nyembamba, turubai inakaribia kuonekana, na wataalamu wanaliunganisha hilo na uhaba wa vifaa katika mji uliozingirwa. Ya Porter haina upungufu huo. Ndiyo maana mimi naiweka mwanzoni mwa miaka hiyo, wakati rangi ilikuwapo na matumaini yalikuwapo. Ni maoni yangu tu, ila nimeyafikia nikiwa nimesimama mbele yake.

Mchana niliingia jumba la makumbusho la Ashmolean kukwepa mvua. Wanayo baadhi ya mawe na sanamu za kale alizokusanya Arundel, yule wa kidole cha Madagaska. Sanamu hizo zilitoka Ugiriki na Asia Ndogo, zikafika London kwa meli, na Oxford ikapewa maandishi yake ya mawe mwaka 1667. Niliyagusa kwa macho tu, nikatoka.

Oxford ilisalimu amri Juni 1646. Dobson alirudi London bila mfalme wa kumlipa, na miezi minne baadaye akawa ndani ya udongo wa St Martin.

Jumamosi

Ndege ya mchana kwenda Madrid. Joto. Nililala mapema.

Jumapili, Madrid

Asubuhi nilikwenda Plaza del Rey kuitazama Casa de las Siete Chimeneas, nyumba ya dohani saba, ambayo leo imo ndani ya majengo ya Wizara ya Utamaduni. Machi 1623 vijana wawili waliojiita Thomas na John Smith walibisha hodi hapa usiku, kwenye nyumba ya balozi wa Uingereza. Mmoja alikuwa Charles, mrithi wa kiti cha ufalme, mwenzake ni Buckingham. Walikuwa wametoka Uingereza wamevaa ndevu za bandia, wakapita Ufaransa kwa farasi, wakitaka kumposa dada yake Mfalme Philip wa Nne. Porter alikuwa kwenye msafara huo, ndiye mkalimani wao.

Posa ilivunjika, lakini miezi ile Madrid ilimbadilisha Charles. Aliona picha za Titian zimejaa kuta za wafalme wa Hispania, akatamani, akaanza kununua, akazawadiwa nyingine. Porter alikuwa pembeni yake akitafsiri. Barua alizomwandikia mkewe Olive kutoka hapa zimehifadhiwa, na humo utamkuta Porter mwingine kabisa: anajitetea, anabembeleza, anakasirika, anaapa kwamba hajamsaliti. Nilizisoma kabla ya safari na zikanifanya nimpende zaidi, hata baada ya yale niliyoyajua kuhusu Roebuck.

Jioni nilitembea hadi kwenye Kasri la Kifalme. Hapa lilikuwapo Alcázar, kasri la zamani lililoungua mkesha wa Krismasi mwaka 1734. Zilipotea picha zaidi ya 500. Makaisari wa Titian walikuwamo: baada ya Charles kuuawa serikali mpya iliuza hazina yake yote, wengine wakilipwa madeni yao kwa picha badala ya fedha, hata fundi bomba wa kasri, na wale makaisari wakanunuliwa kwa ajili ya Mfalme wa Hispania. Wakaungua hapa wote. Vespasian yule hayupo tena duniani.

Jumatatu, Madrid

Jumba la picha la Prado, siku nzima. Ipo picha moja ya umbo la yai ambamo Van Dyck amejichora pamoja na Endymion Porter, ya miaka ya 1633 hadi 1635 hivi. Porter anatazama mbele, ndani ya hariri nyeupe yenye kung'aa kama maji. Van Dyck amevaa nyeusi, amegeuka, anatutazama juu ya bega. Kila mmoja ameweka mkono juu ya mwamba mmoja, alama ya urafiki usiotikisika. Van Dyck hakujichora na mtu mwingine yeyote kwa namna hii, na kwa hilo pekee ungeona Porter alikuwa nani kwa wachoraji. Hakuwa mteja tu.

Nilikuwa na picha ya Dobson kwenye simu, nikazilinganisha. Kwa Van Dyck, Porter ni mrefu, mwembamba wa vidole, ngozi laini. Kwa Dobson, miaka kama kumi baadaye, shingo imenenepa, macho yameingia, mashavu yamewaka. Van Dyck alimchora rafiki jinsi rafiki anavyopenda kuonekana. Dobson alimchora mtu aliyekwishaona fedha ikiisha na vita vikianza, bado akashikilia kuegemeza mkono wake juu ya Uchoraji na Ushairi. Mimi nikiambiwa nichague moja, nachukua ya Dobson.

Usitoke Prado bila kumwona Mfalme Charles wa Tano na mbwa wake, kazi ya Titian ya mwaka 1533. Wahispania walimzawadia picha hiyo Charles wa Uingereza mwaka ule wa 1623, ikaenda London, ikauzwa pamoja na nyingine, ikarudi hapa. Mtu amesimama, mkono mmoja umeshika mbwa mkubwa ukosi. Dobson huenda aliiona au hakuiona, sina neno juu ya hilo, ila ukitoka kwenye ile ya Tate na kuja kwenye hii utaitambua familia.

Kwa atakayekwenda: Jumatatu hadi Jumamosi Prado huingiza watu bure kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na foleni huanza kabla ya saa kumi na moja. Muda huo unatosha kwa picha hizi mbili ukizielekea moja kwa moja. Anza na Titian, umalizie kwa Van Dyck.